Ebedi, Mtumwa na Ngombo: Sheria ya Utumishi katika Torati na Historia ya Kazi Kitui na Makueni

Ni maneno machache katika Kiswahili yaliyobebeshwa mzigo mzito kama neno mtumwa. Kwa umbo lake ni neno jepesi: ni mtu aliyetumwa, kutokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa. Ndugu yake wa damu ni mtume, ambalo limepanda hadi daraja la juu kabisa la heshima ya dini, ilhali mtumwa limeshuka hadi kwenye soko la Unguja. Watafsiri wa Biblia walipolichukua neno hili na kulisimamisha mahali pa ebedi la Kiebrania, walichukua pamoja nalo historia nzima ya pwani, na historia hiyo haikuwa ile ya Torati. Makala haya yanaitazama safari ya neno hilo kwa upande wa bara, katika nchi ya Wakamba wa Kitui na Makueni. Huko sheria ya Musa ilifika mikononi mwa watu waliokwisha kuwa na maneno yao ya kumtaja mtu aliye chini ya mwingine, na ambao walijua kwa macho yao wenyewe maana ya kuweka rehani, kukomboa na kuuza.

Yafaa kuanza na Kiebrania chenyewe. Ebedi latokana na mzizi wa herufi tatu wenye maana ya kufanya kazi na kutumikia. Mtumwa aliyenunuliwa kwa fedha ni ebedi; waziri wa mfalme ni ebedi; Musa mwenyewe huitwa ebedi wa Mungu; na kazi ya makuhani hekaluni huitwa avoda, neno lilelile linalotaja kazi ya kufyatua matofali huko Misri. Mzizi huu umo pia katika Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu uliingia katika Kiswahili zamani sana, kabla mmisionari yeyote hajakanyaga Mombasa. Maneno ibada na abudu, na majina kama Abdalla, yote ni ya ukoo mmoja na ebedi. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa tayari na mzizi huo, lakini kwa upande wa sala tu. Upande wa jembe na mzigo ulikwisha kupewa maneno ya Kibantu na mengineyo: mtumwa, mtwana, mjakazi, mjoli, hamali, mzalia. Hilo la mwisho lastahili kuangaliwa, kwa kuwa laenda sambamba na neno la Kitabu cha Mwanzo linalomtofautisha mtumwa aliyezaliwa nyumbani na yule aliyenunuliwa kwa fedha kutoka kwa mgeni. Jamii mbili zilizo mbali kiasi hicho zililiona jambo moja kuwa lahitaji jina.

Sheria za Torati juu ya utumishi hazikukusanywa mahali pamoja, wala hazisemi kwa sauti moja. Zile za Kutoka, sura ya 21, zinaanza na Mwebrania aliyenunuliwa: atatumika miaka sita, na katika mwaka wa saba atatoka bila kulipa kitu. Akikataa kutoka kwa ajili ya mke na watoto aliopewa na bwana wake, atatobolewa sikio mlangoni, naye atabaki. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inairudia sheria hiyo lakini inaongeza jambo zito: aendaye zake asiende mikono mitupu, bali apewe katika kondoo, katika nafaka na katika divai, kwa sababu bwana mwenyewe alikuwa mtumwa Misri. Tena bwana aambiwa asione vigumu kumwachilia, kwani kwa miaka sita amepata kazi yenye thamani maradufu ya ujira wa kibarua. Hapa sheria inafanya hesabu ya fedha, na hesabu hiyo inamtazama mtumwa kama mtu anayedai.

Mambo ya Walawi, sura ya 25, yanakwenda mbali zaidi kwa upande mmoja na kurudi nyuma kwa upande mwingine. Mwisraeli aliyeishiwa na kujiuza asitumikishwe kama mtumwa hata kidogo, bali awe kama mtu wa kuajiriwa, mpaka mwaka wa yubile, yaani wa 50. Asitawaliwe kwa pereki, yaani kwa ukali, na neno hilo ndilo lililotumika katika Kutoka kueleza jinsi Wamisri walivyowatumikisha babu zake. Lakini sura hiyohiyo yaruhusu watumwa wa kununuliwa kutoka kwa mataifa ya jirani na kwa wageni wakaao nchini, nao ni milki ya kurithiwa na watoto daima. Wasomaji wengi wa makanisani huipita aya hiyo upesi. Mwanahistoria hawezi kuipita, kwa sababu ndipo ulipo ufa wa sheria yote: ndugu ni mfanyakazi aliyepatwa na shida, mgeni ni mali.

Hata hivyo zimo amri zisizouliza asili ya mtu. Anayemwiba mtu na kumuuza atauawa. Mtumwa aliyeng'olewa jino au kupofushwa jicho na bwana wake atatoka huru kwa ajili ya jino lake au jicho lake. Siku ya sabato ni ya mjakazi kama ilivyo ya bibi yake. Na amri iliyo ya ajabu kuliko zote katika sheria za Mashariki ya kale ni ile ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 23: mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake na kukimbilia kwako usimrudishe, bali akae atakapochagua mwenyewe. Ajabu yake yaonekana ikiwekwa kando ya sheria za Hammurabi wa Babeli. Yeye aliamuru aliyetumikishwa kwa deni aachiliwe katika mwaka wa nne, ambalo ni jambo jepesi kuliko miaka sita ya Torati. Walakini aliamuru pia kwamba anayemficha mtoro nyumbani mwake auawe.

Marabi waliofuata waliikaza sheria hii kwa upande wa bwana hata ikamlemea. Katika Talmudi imo kauli kwamba anayejinunulia mtumwa Mwebrania amejinunulia bwana, maana lazima amlishe chakula anachokula yeye na kumlaza kwenye kitanda kama chake. Tena Rav alifundisha kwamba kibarua aweza kuacha kazi hata katikati ya mchana, na hoja iliyotolewa yatokana na Walawi: Waisraeli ni watumishi wa Mungu, basi hawawezi kuwa watumishi wa watumishi. Fundisho hili litahitajika tena hapa chini.

Sasa Ukambani. Ludwig Krapf aliondoka Rabai akafika Kitui kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe za ndovu. Ni akiwa huko, mwezi wa Desemba, ndipo alipouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851, na safari hiyo ikaishia msibani, kwa kuwa Kivoi aliuawa karibu na mto Tana. Krapf alikuwa mwanafunzi wa lugha kabla ya kuwa mpelelezi wa nchi. Injili ya Marko aliyoifasiri kwa Kikamba ilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850. Katika habari zake za safari, watu wa Kivoi wanatajwa kwa majina mbalimbali, na miongoni mwao wamo watumwa. Hao hawakuwa mfano wa mashamba ya karafuu. Walibeba mizigo, walilima, walipigana njiani pamoja na bwana wao, na mabinti waliweza kuolewa katika ukoo.

Kikamba kina neno lake la mtu huyo: ngombo, na hali yake huitwa ũkombo. Kwa anayefanya kazi ya kumtumikia mwingine pasipo kumilikiwa, liko mũthũkũmi, kutokana na kitenzi thũkũma. Tofauti hii ni safi kuliko ile ya Kiswahili kati ya mtumwa na mtumishi, ambayo yote mawili yanatoka katika tuma na kwa hiyo yanavutana daima. Mzungumzaji wa Kikamba hahitaji kueleza kwamba mũthũkũmi si ngombo. Mizizi ni mbali mbali.

Mzizi wa ngombo unashawishi kwa jambo jingine. Kiswahili kina kitenzi komboa, chenye kiambishi cha kutengua -oa, kama choma na chomoa. Kukomboa ni kumtoa mtu utumwani kwa kulipa, na vilevile kukitoa kitu katika rehani. Isimu haikati shauri kwa sauti peke yake, hasa katika eneo ambalo mizizi inayofanana ni mingi na kukopana ni desturi. Lakini hata kama ukoo huo hautathibitishwa, ni jambo la kutosha kwamba lugha iliyotumiwa kumwita Kristo Mkombozi ililitoa neno hilo katika biashara ya rehani na fidia, kama vile Kiebrania kilivyolitoa neno goeli katika sheria ya ndugu wa karibu anayelipa ili jamaa yake atoke katika nyumba ya mgeni. Msikilizaji wa Kitui wa karne ya 19 hakuhitaji mahubiri marefu ili alielewe.

Alilielewa kwa sababu ya njaa. Mvua za Kitui ya chini, na za nchi iliyo leo Makueni kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei, si za kutegemewa, na kila njaa kubwa ilikuwa na jina lake. Ile ya miaka ya 1898 na 1899, iitwayo Ngomanisye, ilikuja pamoja na ndui na maradhi ya mifugo, wakati uleule ambapo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikipita Kibwezi na Makindu. Charles Ambler, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya jamii za Kenya ya kati, ameeleza jinsi familia zilivyowapeleka wanawake na wasichana kwa watu wa nyanda za juu waliokuwa na chakula. Msichana alikaa kwa mwenyeji, akala na kufanya kazi, na ukoo wake ulikuwa na haki ya kumrudisha kwa kulipa mifugo hali itakapotengemaa. Wengine walirudishwa. Wengine waliolewa hukohuko. Na wengine, ambao hapakubaki mtu wa kuwafuata, walipotea katika mkondo wa kuuzwa.

Ni hapa ndipo sheria ya binti katika Kutoka, sura ya 21, inapoacha kuwa jambo la mbali. Sheria hiyo inasema juu ya baba aliyemuuza binti yake kuwa ama. Binti huyo hatoki katika mwaka wa saba kama wanaume. Lakini kama bwana aliyemkusudia nafsi yake hapendezwi naye, lazima aruhusu akombolewe, wala hana ruhusa ya kumuuza kwa watu wageni. Akimkusudia mwanawe, atamtendea kama binti. Na akioa mke mwingine, asipunguze chakula chake, wala nguo zake, wala haki yake ya ndoa. Bwana akikosa hayo, binti atatoka bure. Kwa msomaji wa leo sheria hii yaweza kuonekana kuwa katili, nayo ni katili. Walakini kwa mtu aliyemwacha binti wa dada yake ugenini mwaka 1899, maswali yake ndiyo yaleyale: je, bado aweza kukombolewa, je, atauzwa mbali, je, ni mke au ni mjakazi? Tofauti ni kwamba Torati iliyatia maswali hayo katika amri, na huku jibu lilitegemea nguvu ya ukoo na urefu wa njaa.

Na ule ufa uliotajwa juu, kati ya ndugu na mgeni, ulikuwako Ukambani pia. Jamaa aliyewekwa rehani alikuwa na watu nyuma yake. Mateka aliyechukuliwa kwa watu wa upande wa Mlima Kenya hakuwa na mtu. Huyo ndiye aliyekuwa ngombo kwa maana kamili, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 huyo ndiye aliyekuwa na bei.

Wamisionari walioileta Torati nchini walikutana na amri ya mtoro kabla hawajafika Ukambani. Rabai na Freretown, kituo kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, vilijaa watoro kutoka mashamba ya pwani. Mabwana walidai mali yao, na wakuu wa misheni walijikuta kati ya Kumbukumbu la Torati na urafiki wa Sultani. Suala lilimalizika kwa fedha: mwishoni mwa mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Torati haikusema kwamba bwana alipwe. Lakini pasipo malipo hayo wengi wao wangalirudishwa, na lililo jema katika tendo lile lisikanushwe kwa sababu lilipita dukani.

Katika nchi ya Wakamba wenyewe, Walutheri wa Ujerumani walikaa Ikutha na baadaye Mulango, upande wa Kitui. Waskoti waliweka kituo Kibwezi mwaka 1891. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, akafa mwaka uliofuata. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini Wakristo wa Nzaui na Mulango walizijua barua za Paulo kuliko sheria za Walawi. Waliagizwa katika barua hizo kwamba watumwa wawatii mabwana zao, kabla hawajasoma kwa lugha yao kwamba mtoro asirudishwe na kwamba mshahara usilale. Utaratibu huo wa kutafsiri ulikuwa wa kawaida kila mahali, wala hapana haja ya kuudhania njama. Lakini matokeo yake yalikuwako.

Yalikuwako hasa kwa sababu ya kile kilichokuwa kikiandikwa Nairobi na Mombasa. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Mwaka 1906 ilitungwa Sheria ya Mabwana na Watumishi, ambayo ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai, la kupigwa faini au kufungwa. Mwaka uliofuata, 1907, hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda wa pwani. Miaka hii miwili ikisomwa pamoja yaonyesha jambo ambalo neno mtumwa peke yake laficha: mtu alikoma kuwa mali, na papo hapo mguu wake ukafungwa kwa mkataba. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimpa kila mwanamume kipande cha kuvaa shingoni katika kijaluba cha bati, ili mtoro atambulikane popote. Mbele ya fundisho la Rav, kwamba kibarua aweza kuondoka katikati ya mchana, sheria hizo zinasimama upande wa pili kabisa. Zimekaribia zaidi Hammurabi.

Msamiati wa kazi uliozaliwa katika mazingira hayo ungali nasi. Mshahara ni neno lenye mwezi ndani yake, kutokana na shahri la Kiarabu. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa. Jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika. Torati inaamuru ujira wa maskini ulipwe siku ileile kabla jua halijachwa, awe ndugu au mgeni, kwa sababu ameuwekea moyo wake. Mishna yakubali kazi ya juma na ya mwezi, lakini yampa kila mmoja saa ya mwisho ya kulipwa. Katika mpango wa tiketi uliotumika Kenya, mtu alifanya siku 30 za kazi, na siku zisizotiwa alama hazikuhesabiwa. Mwezi wake uliweza kuchukua majuma sita au zaidi. Jua la Kumbukumbu la Torati halikuwa na nafasi katika tiketi hiyo.

Ziko kazi za Ukambani ambazo hazikuwa za ujira wala za utumwa, na hizi ndizo zilizoharibiwa jina kwa urahisi zaidi. Mwethya ni kusanyiko la majirani wanaoitwa na mwenye kazi kulima, kuvuna au kujenga. Mwenye kazi hutoa chakula na kinywaji, naye huitika siku atakapoitwa. Serikali ya kikoloni ilipoanza kushurutisha watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko, chini ya machifu, kazi hiyo iliitwa ya jumuiya, lakini hapakuwa na aliyeita wala aliyeitika. Wafasiri wa Kiyahudi, akiwamo Maimonides, walilieleza neno pereki kuwa kazi isiyo na mpaka wa muda, au isiyohitajiwa, anayopewa mtu ili tu asikae bure. Kwa kipimo hicho matuta hayakuwa pereki, kwa kuwa udongo wa Machakos na Makueni uliyahitaji kweli. Yalifanana zaidi na masi ya Sulemani, ile kazi ya lazima ambayo kwayo watu 30,000 walipelekwa Lebanoni kwa zamu kukata mierezi. Kazi yenyewe ilikuwa na faida. Aliyeisimamia, Adoramu, alipigwa mawe hata akafa katika siku za Rehoboamu.

Miaka ya 1950 maofisa waliuona ukweli huo, wakaacha vikundi vya mwethya vijichagulie viongozi wao wenyewe, wengi wao wanawake, na matuta yakaenea kwa kasi. Mtindo wa matuta uliopendwa na wakulima ukaitwa fanya juu, jina linaloeleza udongo unaotupwa upande wa juu wa mtaro. Ni amri ya Kiswahili iliyogeuka nomino, na leo inatumika hata katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza. Makueni, iliyofunguliwa kwa makazi miaka ya 1940 baada ya vichaka vyenye mbung'o kufyekwa na vifaru wengi kuuawa, ikawa wilaya ya peke yake mwaka 1992.

Linabaki suala la tafsiri. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 inamwita Paulo mtumwa wa Kristo. Tafsiri za karibuni zaidi zimependelea mtumishi. Sababu yake yaeleweka, kwa kuwa jeraha la pwani halijapona. Lakini mtumishi leo ni pia mtu wa serikali, mwenye cheo na malipo ya uzeeni, na ni pia msichana kutoka Mwingi au Wote anayelala jikoni katika nyumba ya Nairobi na kulipwa mwenye nyumba atakapokumbuka. Ebedi lingewatosha wote wawili, na waziri wa Daudi pia. Mtumishi lawavika wote joho moja la adabu, na msomaji hawezi tena kuona ni yupi kati yao ambaye sheria ya machweo iliandikwa kwa ajili yake. Mtafsiri wa Kikamba, mwenye ngombo mkono mmoja na mũthũkũmi mkono wa pili, hulazimika kuchagua katika kila aya, na kila uchaguzi wake ni hukumu juu ya hali ya mtu fulani: amemilikiwa, au ameajiriwa. Kazi yake ni ngumu zaidi kuliko ya mwenzake wa Kiswahili, na pengine ni ya kweli zaidi.